Nyumba Aliyoitukana Kalista

Bango lilisimikwa Ijumaa asubuhi, na Evaline akalipiga picha kabla hata waliolisimika hawajawasha gari lao kuondoka. Picha ilipofika Guangzhou, mama yake, Kalista, alikuwa ameinama juu ya robota la magauni ya watoto katika soko la jumla la Guangyuan Xilu, anavuta vifungo kimoja kimoja kuona kama vimeshonwa au vimegandishwa tu. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaifungua simu.

Aliona mjakaranda uliochanua zambarau tupu. Nyuma ya mti ilikuwa nyumba ya mbao, nyeupe, imeinuliwa juu ya nguzo kama mtu aliyepandisha sketi asilowe. Na mbele ya nyumba, katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri, bango jekundu la kutangaza kwamba inauzwa.

Simu ikalia hapo hapo.

"Shikamoo Mama. Umeona?"

"Marahaba. Nimeona. Si ndiyo nyumba mnayokaa?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mzee Liang anauza."

Evaline alikuwa muuguzi Brisbane, huko Australia, na nyumba hiyo walikuwa wameipanga yeye na mumewe Elinami tangu mtoto wao Agripina hajaanza kutembea. Mtaa wenyewe ni wa miti mitupu, ndege wanapiga kelele asubuhi kuliko watoto wa shule. Mwenye nyumba, Mzee Liang, alikuwa Mchina wa Guangzhou aliyeishi Brisbane miaka mingi, akalea wanawe mle ndani, kisha uzeeni akarudi kwao na mkewe. Sasa ameamua kuiuza. Dalali alitaka ipelekwe mnadani, lakini mzee alisema kwanza atazungumza na wapangaji wake. Ila si kwa simu. Yeye hauzi nyumba yake kwa sauti inayotoka kwenye kidude. Anataka kuketi na mtu, wanywe chai, aone uso.

"Na mimi niko huku na zamu za usiku," Evaline akasema. "Benki imetukubalia mkopo, lakini haufiki kwenye bei aliyoitaja. Tunahitaji ashuke kidogo tu, Mama. Kidogo."

Kalista alicheka mpaka muuza magauni akageuka kumtazama.

"Mwanangu, umenitajia Mchina, bei, na kushuka. Hebu lala. Mwachie mama yako."

Ili msomaji aelewe kwa nini alicheka vile, inafaa kujua Kalista alivyokuwa akinunua vitu. Alitoka Kibosho, Moshi, akiwa mama kijana, na miaka yake yote ya Guangzhou ilikuwa ya kuwanunulia bidhaa wafanyabiashara wa nyumbani, wa Mwanza, wa Dodoma, wa Mbeya. Aliingia dukani uso umekunjwa kama aliyelazimishwa. Aliigeuza nguo ndani nje. Akipata uzi unaoning'inia, aliuinua juu kwa vidole viwili watu wote wauone, kama mtu aliyekamata panya. Bei aliiuliza akiwa anatazama pembeni. Akitajiwa, alisema kwa sauti, "Tai gui le!", yaani ghali mno, kisha akaanza kuondoka. Na hapo ndipo palipokuwa na ufundi: kuondoka polepole, mabega yameshuka, masikio yamebaki nyuma. Hatimaye bosi wa duka hutoka akimkimbilia na kalkuleta mkononi. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na aliwafundisha wote waliofika wapya: usimwoneshe muuzaji kwamba umependa.

Jumatatu asubuhi akavaa gauni lake la kanisani, akapanda treni ya chini ya ardhi pale Sanyuanli, akaenda kwenye nyumba ya chai karibu na bustani ya Liuhua, mahali alipoelekezwa. Miaka yote ile hakuwahi kuketi kunywa chai na Mchina asiyemuuzia kitu. Ukumbi ulikuwa umejaa wazee wenye magazeti, na wahudumu wakisukuma vitoroli vya vikapu vya mianzi vyenye vitafunio vya moto, mvuke unafuka.

Mzee Liang alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inaweza kukata karatasi. Alisuuza vikombe kwa chai ya moto, chake na cha mgeni, akamwaga maji yale kwenye bakuli, ndipo akamimina chai ya kunywa. Alifanya yote hayo bila haraka. Kisha akatoa simu, akafungua picha za nyumba, akaisogeza kwa mikono miwili mpaka mbele ya Kalista.

"Uliza chochote," akasema kwa Kichina cha polepole, ili mgeni amfuate.

Kalista akakunja uso.

"Mbao," akasema. "Mbao huliwa na mchwa."

"Sijawahi kuona mchwa."

"Na kwa nini iko juu ya nguzo? Kwetu ghala la mahindi ndilo huwekwa juu ya nguzo."

"Upepo hupita chini. Kule joto ni kali."

"Miti imezidi. Majani yataziba mifereji ya paa."

Mzee akasogeza kikombe chake pembeni. Kalista akaona kazi inakwenda vizuri. Akapitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine, akitafuta uzi wa kuning'iniza. Akaupata kwenye picha ya uani: kibanda kidogo cha matofali, paa la bati, bomba kubwa limechomoza juu.

"Na hili banda la kuku?"

"Hilo ni jiko," mzee akajibu taratibu.

"Jiko? Nje?" Kalista akaachia kile kicheko chake cha sokoni. "Sasa hiyo ni hasara nyingine. Kulibomoa peke yake ni gharama."

Akainuka. Akaenda kuelekea mlangoni kwa ule mwendo wake wa polepole, mabega yameshuka, masikio nyuma. Akapita wazee wa magazeti. Akapita tangi la samaki. Hakuna aliyemwita. Alipofika mlangoni akageuka kidogo, akamwona Mzee Liang bado ameketi, anatazama ndani ya kikombe chake.

Anajikaza huyo, Kalista akajiambia, akatoka akiwa na furaha tele.

Nyumbani Sanyuanli alikokaa na rafiki yake Teddy, mfanyabiashara wa Mbeya mwenye kicheko cha kuamsha jengo, akasimulia yote huku akimenya vitunguu.

"Kesho atapiga," akasema.

"Asipopiga?"

"Teddy, umewahi kuona wasinipigie?"

Kesho haikuleta simu. Keshokutwa ikaleta, lakini ya Evaline, na salamu haikuwepo.

"Mama, ulimwambia nini yule mzee?"

"Nilimwambia kawaida tu. Kwani ameshuka?"

"Ameshuka nini! Amemwandikia dalali kwamba nyumba iende mnadani, na sisi tusihesabiwe kabisa. Anasema hawezi kuwauzia watu wanaoidharau nyumba yake. Mama, mnadani sisi hatuwezi, kuna matajiri wanaitaka hii sehemu. Tutahama. Agripina atahama na shule."

Kalista akaketi juu ya kago iliyokuwa bado haijasafirishwa. Teddy, aliyekuwa akisikia kila kitu, safari hii hakucheka.

"Mimi nilitaka ashuke," Kalista akasema.

"Ulisema nini hasa?"

Akamtajia. Mbao, nguzo, miti. Alipofika kwenye banda la kuku, Evaline akamkatiza.

"Mama," akasema, sauti imepungua, "hivi wewe hii nyumba umewahi kuiona?"

"Si unanitumia picha?"

"Kila nikikupigia kwa video unaniambia subiri kwanza, niko na bosi. Hujawahi kuingia ndani hata siku moja. Twende."

Basi Evaline akamtembeza mama yake ndani ya nyumba kwa simu, naye Agripina akitangulia mbele kama askari wa mapokezi, miguu peku. Walianzia barazani, kwenye mbao pana za sakafu zilizong'aa kwa kukanyagwa. Kalista akasikia zinavyoita chini ya miguu ya mtoto, mlio mzuri, kama wa ngoma iliyofunikwa shuka. Akaona madirisha marefu yenye vipande vya vioo vya kugeuzwa, upepo unaingia huku unatokea kule. Wakashuka ngazi za nyuma hadi uani.

"Bibi, huu ni mti wa litchi," Agripina akasema. "Popo wanakula matunda yake, baba anaweka wavu. Mimi napenda popo lakini usimwambie."

"Sitamwambia, mama."

"Na hili ndilo banda lako la kuku," Evaline akasema.

Kalista akalisogelea kwa macho. Ndani, ukuta ulipakwa chokaa safi. Juu ya majiko palikuwa na kofia kubwa ya bati, imechomelewa kwa mkono, kila pindo limekunjwa kwa ndani lisimkate mtu, nayo ilivuta moshi wote ikaupeleka kwenye bomba. Palikuwa na rafu za urefu wa mwanamke mfupi. Na ukutani, upande wa nyumba kubwa, palikuwa na kidirisha cha mbao cha kupitishia sahani, kikitokea moja kwa moja kwenye meza ya chakula iliyowekwa chini ya nyumba, kati ya nguzo, ili mpishi asizunguke na mvua. Kwenye moto kulikuwa na sufuria ya ndizi na nyama, inachemka.

"Alilijenga mwenyewe, Jumapili zake zote za mwaka mzima," Evaline akasema. "Mkewe alipenda kukaanga kwa moto mkali, na harufu ya mafuta ilikuwa inaingia kwenye nguo za watoto. Mimi hapa ndipo ninapokaa, Mama. Nikitoka zamu naanzia hapa. Nakaanga samaki, napika mtori, napuliza moshi ninavyotaka. Ni kama jiko la bibi kule Kibosho, ila hili lina kofia."

Kwao Kalista, Kibosho, jiko lilikuwa nje, na aliyekuja kulitukana jiko la mama mtu alikuwa amemtukana mama mwenyewe. Hilo alilijua tangu ana meno ya utotoni. Akalisahau kwa sababu ya uzi wa kuning'iniza.

"Teddy," akasema alipokata simu, "hapa kwenye maua kwa yule mama wa kona hakuna sale?"

"Sale ndiyo nini?"

"Yale majani marefu ya mistari, yanayokaa kwenye ndoo mbele ya ofisi za kago. Kwetu hayo ndiyo yanapandwa mpakani. Na mtu akikukosea, akija na jani la sale mkononi, humfukuzi. Unampokea, mnaongea."

"Wachina watajuaje?"

"Atakayekwenda nalo ni mimi. Mimi najua."

Yule mama wa maua alikuwa nalo. Aliitaja bei, akajikaza tayari kwa vita, maana alimfahamu Kalista vizuri. Kalista akalipa bila kufungua mdomo. Sale la kuombea radhi halipatanwi bei. Mama wa maua akazitazama zile pesa, akamtazama Kalista, akaita kwa wasiwasi kumuuliza kama anaumwa.

Asubuhi iliyofuata, tangi la samaki lilikuwa pale pale, na Mzee Liang alikuwa pale pale, maana wazee wa Guangzhou hawahami meza zao za chai. Alipomwona Kalista amesimama na jani refu la kijani mikononi, lililofungwa fundo katikati, aliweka gazeti chini.

"Mzee Liang," Kalista akasema, na Kichina chake cha sokoni, kilichozoea kugomba, kikawa kinajikwaa kwenye upole. "Kwetu mtu akikosea huja na jani hili. Mimi nimekosea. Nimekutukania jiko lako na sikuwa nimeliona. Sasa nimeliona."

Akaliweka jani mezani kwa mikono miwili.

Mzee akaligusa lile fundo kwa kidole. Wazee wa meza ya jirani wakaacha kutafuna.

"Huu mmea," akasema hatimaye, "sisi tunauweka ndani ya nyumba ulete pesa."

"Kwetu unaleta msamaha."

"Msamaha ni adimu zaidi," mzee akasema, akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa. Umeona nini kwenye jiko langu?"

Kalista akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile akasifia bidhaa mbele ya mwenyewe. Mwanzoni ilimwia vigumu, kama kuandika kwa mkono wa kushoto. Akasema jinsi pindo za kofia zilivyokunjwa kwa ndani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akataja kidirisha cha kupitishia sahani. Mzee akainua kidole, akasema hicho kilimpa taabu, alikikata mara ya kwanza kikawa juu mno, mkewe akawa anapitisha supu kama anayetundika nguo. Kalista akacheka, si kicheko cha sokoni, cha kweli. Akataja rafu fupi. Mzee akasema mkewe anamfika hapa, akagusa kifua. Kalista akasema jinsi mbao za sakafu zinavyoita. Mzee akafumba macho akaiga ule mlio kwa mdomo, na akapatia kabisa.

"Na kwa nini mlirudi?" Kalista akauliza.

"Mke wangu. Alisema Brisbane ina kila kitu isipokuwa dada zake. Sasa anao dada zake, wanacheza mahjong mpaka mimi nasahauliwa chakula." Akamimina chai. "Binti yako anapika nini mle?"

Kalista akapiga simu ya video. Evaline akatokea, kofia ya bati juu ya kichwa chake, mvuke usoni, mwiko mkononi. Alipoona ni nani aliye na mama yake, akapiga goti kidogo bila kufikiri, mwiko ukiwa bado juu.

"Moshi unavuta vizuri?" mzee akamuuliza kwa Kiingereza.

"Unavuta vizuri sana, Mzee. Ila ukivuma upepo wa kutoka barabarani, unarudi kidogo."

"Fungua kidirisha nusu! Nusu tu!"

Evaline akafungua nusu. Moshi ukanyooka ukapanda. Mzee Liang akapiga meza kwa kiganja, vikapu vikaruka.

"Nitamwambia dalali aache mnada," akasema. Akachukua simu yake, akaandika tarakimu, akaisogeza kwa mikono miwili mpaka mbele ya Kalista. Ilikuwa bei ile ile ya kwanza.

Kalista aliitazama. Benki haikufika hapo. Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini kama wapagazi wenye marobota wanaosubiri lifti. Akakumbuka jani lililokuwa mezani. Akamwaza Agripina na popo wake. Akajiambia pengo lile atalijaza yeye mwenyewe, hata ikibidi anunue marobota mpaka magoti yagome.

"Sawa," akasema.

Mzee Liang akakunja uso.

"Sawa?"

"Sawa."

"Sawa nini? Wewe si ndiye bosi wa Guangyuan Xilu? Mke wangu ataniuliza, yule mama Mwafrika alisema nini ulipotaja bei? Nimjibu alisema sawa? Atajua nimeuza kwa bei ya mtu mjinga, ama niliitaja ndogo mno! Hatalala!"

"Lakini mzee, juzi ulikasirika..."

"Juzi ulitukana nyumba! Bei hukuigusa hata kidogo! Nyumba ina makosa gani? Itukane bei. Bei ndiyo ya kutukanwa."

Kalista akamtazama vizuri. Akaona macho ya mzee yanang'aa kama ya mtoto aliyeletewa karata. Basi akapandisha mikono ya gauni lake la kanisani, akavuta pumzi mpaka mwisho, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Tai gui le!"

"Sasa!" mzee akasema, akaagiza vikapu vingine viwili.

Wakaanza. Kalista akaiita ile bei mgonjwa, akasema inahitaji kulazwa. Mzee akasema ina afya njema, imekua mbele ya macho yake. Kalista akafuta tarakimu, akaandika yake. Mzee akashika kifua, akawaomba wazee wa meza ya jirani wamshuhudie anavyouawa mchana kweupe. Wazee wale wakagawanyika, wawili upande wa mzee, mmoja mwenye meno ya dhahabu upande wa Kalista, wakawa wanachangia bila kuombwa. Mhudumu wa kitoroli akasimama kabisa. Mzee akashuka kidogo akadai apelekewe picha za litchi kila zikiiva. Kalista akasema picha atapata, na litchi zilizokaushwa pia, ila kwa hizo ashuke tena. Mzee akasema mwanamke huyu anamuuzia matunda ya mti wake mwenyewe. Wote wakacheka mpaka yule mwenye meno ya dhahabu akapaliwa na chai.

Kwenye simu iliyoegemezwa birikani, Evaline alikuwa ameacha kukoroga. Kichina hakukijua. Aliona tu mikono inarushwa, vidole vinanyooshwa, na mama yake amesimama.

"Mama," akaita kwa hofu, "mnagombana tena?"

"Nyamaza mwanangu," Kalista akasema, macho hayabanduki kwa mzee. "Tunanunua nyumba."

Akaandika tarakimu ya mwisho, ile ambayo benki ya Evaline ingeifikia bila kunyoosha mkono sana, akaisogeza kwa mikono miwili. Mzee Liang akaitazama, akaitazama tena akiwa ameisogeza mbali na macho, akapumua kama aliyetua mzigo.

"Mke wangu," akasema, "atasema umeniweza."

Akanyoosha mkono. Kalista akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akainama, kisha akarusha kichwa nyuma na kupiga vigelegele, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukumbi ule. Vikombe vikatulia hewani. Kutoka birikani, kutoka ng'ambo ya bahari, Evaline akaitikia vya kwake, na nyuma yake kisauti cha Agripina kikajaribu, kikakatikia njiani, kikaanza upya.